Hela Mbovu ya Tabora

Leo nataka tuzungumze juu ya hela. Sina maana ya hizi tunazogombania na konda kila asubuhi. Nina maana ya hela yenyewe, ile iliyotupa neno hilo.

Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Tabora. Mwaka jana alinikabidhi sarafu moja ya shaba ya njano iliyochakaa. Karibu na ukingo ina tundu, na juu ya taji umepita mstari kama ufa. "Chukua mjukuu wangu, ukachapishe hicho kitabu chako," akasema. Nikaipeleka kwa mzee mmoja anayenunua vitu vya kale hapa mjini. Akaigeuza mara moja tu. "Kijana, hii mbovu. Ina tundu, ina mkwaruzo. Nitakupa pesa ya soda."

Njaa ninayo, sikatai. Lakini kuambiwa hela ya bibi ni mbovu na mtu ambaye hata hakuitazama sawasawa! Nikaifunga kwenye leso, nikaondoka.

Sasa tuulizane: hela hii ilitoka wapi? Wakati wa Mjerumani, rupia moja ilikuwa na pesa 64. Mwaka 1904 hesabu ikabadilishwa, rupia ikawa na heller 100. Wazee wetu wakalitia neno hilo kwenye ulimi wao, likawa hela. Sarafu zenyewe zilikuwa zikipigwa huko Ujerumani na kuletwa kwa meli. Vita ilipolipuka Agosti 1914, Waingereza wakaziba bahari. Meli hakuna, sarafu hakuna.

Basi mwaka 1916 Tabora ikageuka kiwanda cha fedha. Katika karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na mji, zikapigwa heller 5 na heller 20, na hata sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, dhahabu yake ikitoka mgodi wa Sekenke. Heller 20 zilitoka kwa shaba nyekundu na shaba ya njano, na hata maganda ya risasi yaliyeyushwa. Ile herufi T unayoiona ni Tabora. Kazi haikudumu: tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji likaingia mjini.

Fikiria hali ya karakana ile. Vita inakaribia, mitambo ni ya kutengenezea reli, na muhuri wa chuma unagonga vipande vya shaba kutwa nzima. Muhuri ukichoka unachongwa mwingine. Ndiyo maana heller 20 nyingine zina taji kubwa, nyingine taji dogo, na hata ncha za herufi L katika neno HELLER hazifanani. Hilo si kosa wala si uharibifu, ni mihuri tofauti tu.

Kosa la kiwandani ni jambo jingine. Muhuri ukipasuka, shaba huingia ndani ya ufa ule wakati wa kugongwa, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa mtaani huzama, na kandokando yake shaba husukumwa ikafanya tuta. Kipande kikikaa upande wakati wa kugongwa, picha hukatika upande mmoja na upande wa pili hubaki uwazi. Kipande kilichopungua kabla ya kugongwa nacho hujitoa chenyewe: mara nyingi ukingo ulio mkabala na pengo hutoka hafifu. Aliyekata kwa tupa baada ya miaka hawezi kuigiza hilo.

Nikaazima kioo cha fundi saa, nikakaa mlangoni penye jua. Nikapitisha ukucha juu ya taji. Mstari umeinuka! Kumbe si mkwaruzo. Ni ufa wa muhuri wa Lulanguru, hela ilizaliwa nao.

Kisha nikatazama tundu. Hapo moyo ukanywea. Tundu limekata mapambo yaliyokwisha kugongwa, na upande mmoja shaba imejikunja pale msumari ulipotokea. Hilo ni jeraha la baadaye, hakuna ubishi. Mzee yule alikosea nusu tu.

Nikarudi kwake. Safari hii akatazama, akanyamaza kitambo. "Ufa huu ni wa muhuri, kweli," akasema. "Lakini tundu limeua bei." Akaongeza kidogo, haikufika hata nusu ya gharama ya uchapaji. Nikampigia simu bibi, nikamuuliza nani alitoboa. Akacheka. "Bibi yangu. Alikuwa akiivaa shingoni. Hela ya Mjerumani ilipokufa, angeinunulia nini?"

Sikuiuza. Mswada wangu bado uko kwenye daftari tatu, na hela nimemrudishia mwenyewe. Nanyi wenzangu mnaoandika, mhariri akiwaambieni kazi yenu mbovu, msikimbilie kulia wala kutukana. Muulizeni, mbovu wapi? Halafu tafuteni kioo mkatazame wenyewe, na mkiliona tundu, semeni ni tundu.