Sadaka kwa jamaa yupi?

Sadaka na sadiki ni ndugu: maneno yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya ukweli. Basi atoaye huonyesha kwamba anachokisadiki si maneno matupu. Lakini aanze na nani?

Hapo ndipo zaka inapoachana na sadaka. Zaka ya mali, ile asilimia 2.5, humpi mama yako wala mwanao. Kuwalisha hao ni wajibu wako tayari. Ukiwapa zaka umehamisha pesa kutoka mfuko huu kwenda ule. Sadaka haina kizuizi hicho. Ikimwendea jamaa, mafunzo ya Kiislamu huihesabia thawabu mbili: ya kutoa na ya kuunga udugu.

Shangazi yangu, mkesha wa Idi, hupima mchele wa zaka ya fitri kwa kopo na kufunga mifuko. Hata hivyo, wa kwanza humpelekea mjane wa nyumba ya pili, ambaye hana naye hata babu mmoja wa pamoja.

Na jamaa? Kwa Kiarabu ni kundi la watu. Kwetu ni ndugu, na mtaani ni yeyote apitaye. Ukiambiwa uanze na jamaa, uliza kwanza: yupi?