Tarehe ya Kazi ya Bwana Nyama, Kutoka Mweka hata Brooklyn Park

Mji wa Brooklyn Park umekaa kaskazini ya Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, na mpaka wake wa mashariki ni mto Mississippi, penye ukuta wa bwawa la Coon Rapids uliojengwa kwa ajili ya umeme mwaka 1913 na 1914. Wahamiaji wengi wa Afrika wamefanya maskani humo, Waliberia na Wakenya miongoni mwao, na ukingo wa mto umekuwa bustani iliyo chini ya mamlaka iliyoundwa mwaka 1957, iitwayo leo Three Rivers, ambayo ilijiwekea sharti kwamba katika kila hifadhi yake kubwa sehemu nane katika kumi zirudishiwe hali ya asili.

Mwaka 1966 mamlaka hiyo ilianza kuwarejesha ndege wakubwa weupe wa jamii ya bata, wenye shingo ndefu na mlio kama wa tarumbeta, ambao walitoweka Minnesota katika karne ya 19 kwa kuwindwa kupita kiasi. Ndege wa kwanza waliletwa kutoka Montana, lakini ikadhihirika kuwa ulinzi dhidi ya wawindaji hautoshi, kwa sababu punje ya madini ya risasi, iliyoanguka kutoka mshipi wa mvuvi au mtutu wa bunduki, humezwa na ndege matopeni pamoja na changarawe, ikamwua kwa sumu. Adui wa namna hiyo hafukuzwi na askari. Hutambuliwa na mtu aliyefundishwa.

Kwetu Afrika Mashariki taalimu ya namna hiyo ilikawia. Zama za ukoloni bwana nyama, yaani afisa wa wanyamapori, aghalabu alikuwa Mzungu hodari wa shabaha, na Waafrika waliokuwa chini yake, ambao waliujua mwitu tangu utoto, hawakupanda juu ya cheo cha askari wa nyama. Hata uhuru ulipobisha hodi ikawa hapana warithi waliotayarishwa kuipokea amana hiyo. Mwezi wa Septemba 1961, katika Ilani ya Arusha, Mwalimu Nyerere alikiri kwamba kuhifadhi wanyama kwahitaji maarifa maalumu, watu waliofundishwa na fedha, akayaomba mataifa mengine msaada. Bruce Kinloch, mkuu wa idara ya wanyama ya Tanganyika, alishikilia shauri la kujenga chuo, na taasisi iliyoasisiwa Marekani mwaka huo huo na hakimu Russell Train ikachangia fedha.

Chuo kilifunguliwa mwaka 1963 huko Mweka, mitelemkoni mwa Kilimanjaro juu ya Moshi, chini ya Hugh Lamprey, mtaalamu wa viumbe, na mwaka 1964 kikapewa sheria yake. Wanafunzi walisoma maradhi ya wanyama, majani na sheria, wakatengeneza magari na kusoma ramani. Na hata leo wanafunzi huenda Kwakuchinja, baina ya Tarangire na Manyara, kujifunza porini yale ambayo ubao hauwezi kuyaonyesha. Baada ya Mweka vilifuata Pasiansi, Mwanza, mwaka 1966, na Garoua ya Kamerun mwaka 1970 kwa nchi zisemazo Kifaransa.

Minnesota nayo ilipata fungu lake katika tarehe hii. Uchunguzi wa simba wa Serengeti, ulioanzishwa na George Schaller mwaka 1966, ulishikwa mwaka 1978 na Craig Packer na Anne Pusey, waliokuja kuwa walimu wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwaka 1994 maradhi ya mbwa yaliua yapata theluthi ya simba wale, na dawa iliyotafutwa haikuwa bunduki bali chanjo kwa mbwa wa vijijini. Katika chuo kikuu hicho Mtanzania Bernard Kissui alipata shahada ya uzamivu, akarudi Tarangire kuchunguza ugomvi wa simba na wafugaji.

Basi nawasihi wazazi wa Afrika Mashariki walioko Brooklyn Park, ambao aghalabu huwaelekeza watoto wao kwenye uuguzi na kompyuta, wasiidharau kazi hii kwa kuidhani ni ya kushika bunduki na kulala porini. Ni elimu kamili na riziki ya halali, na darasa lake la kwanza liko ukingoni mwa mto unaopita mjini mwenu. Wapelekeni watoto wangali wadogo.