Majilio ya Milimani: Kungoja na Kusubiri katika Usambara

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo wengi huyatumia kana kwamba ni pacha: kungoja na kusubiri. Anayengoja hukaa njiani, macho yake yakiwa kwenye kona atakakotokea mgeni. Anayesubiri ana kazi ya ziada ndani ya nafsi yake, nayo ni kuizuia isivunjike. Mtu aweza kungoja bila ya subira, kama abiria wa jahazi lililokosa upepo. Na mwenye subira aweza kuishi miaka mingi asijue ni lini, wala kama, hicho anachokitaraji kitafika. Washairi wa mwambao wameitunga subira tangu zama za mababu, na katika dini ya walio wengi miongoni mwetu ni nguzo ya mwenendo mwema. Leo namwomba msomaji auache mwambao kwa kitambo, apande nami milima ya Usambara, tukaitazame subira ya majirani zetu Wakristo wa Lushoto, Mlalo, Vuga na Bumbuli.

Mwaka 1848 Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, alifika Vuga kwa Kimweri ya Nyumbai, mtawala wa Wakilindi aliyeitwa Simba Mwene. Kimweri alikuwa mtawala wa mvua. Watu walimtolea kodi, naye alitarajiwa kuitengeneza nchi, jambo ambalo Wasambaa huliita kuzifya shi. Alimkaribisha mgeni wake na kuridhia walimu waje. Krapf alirudi mwaka 1852. Mwaka uliofuata mwenzake, Erhardt, alikwenda Vuga, lakini hakudumu. Kimweri akafa mwaka 1862, na warithi wake wakaingia katika vita vya kugombea enzi, huku bunduki na biashara ya watumwa vikizidi kuichoma nchi. Habari za vita hivyo tunazipata katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, Mwislamu, ambacho kilipigwa chapa kwa mara ya kwanza katika mtambo wa wamisionari wa Kiingereza huko Magila. Wamisionari hao walitokea Unguja, wakaanza kazi Magila, chini ya milima upande wa Bonde, mwaka 1868. Juu milimani kituo cha kwanza cha kudumu kilifunguliwa Mlalo mwaka 1891, na Wajerumani wawili, Ernst Johanssen na Paul Wohlrab. Tangu Krapf apokewe Vuga, ilikuwa imepita miaka 43.

Waandishi wa historia za misheni huipenda hesabu hiyo, nao huieleza kama miaka ya nchi iliyokaa gizani ikingoja. Mimi siikubali. Wasambaa wa miaka ile hawakuwa wamekaa njiani wakimtazamia mtu wa Ulaya. Walikuwa wakilima migomba yao, wakiomba mvua, wakiwazika wafu wao na kuwakimbiza watoto wasikamatwe. Waliokuwa wakingoja ni wamisionari wenyewe. Johannes Rebmann, mwenzake Krapf, aliingia nchi hizi mwaka 1846, asirudi kwao hata mara moja mpaka mwaka 1875, macho yake yakiwa yamekaribia kupofuka. Kungoja kwa Wasambaa kulikuja baadaye, na hakukuwa na mtu wa kukuandikia sifa.

Ili kukuelewa kungoja huko, sharti tukumbuke dini hiyo ilivyoingia. Ilipanda mlima karibu wakati mmoja na bendera ya Wajerumani. Mwaka 1895 serikali yao ilimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga. Mwaka huohuo misheni ikafungua kituo hapohapo Vuga. Mji wa Lushoto wakaupa jina la mfalme wao, Wilhelmstal. Msambaa aliyebatizwa siku zile aliweza kuulizwa na ndugu zake: je, umemfuata Mungu au umeifuata nguvu? Ni swali zito, wala halikuweza kujibiwa kwa maneno. Lilihitaji nguvu ile iondoke kwanza, kisha watu watazame ni kipi kitakachobaki.

Ikaondoka. Vita vya mwaka 1914 vilipozuka, walioanza kuonja taabu walikuwa Wakristo wa upande wa Magila: wamisionari wao wa Kiingereza waliwekwa kizuizini na Wajerumani, na walimu wao wa Kiafrika wakashukiwa kuwa majasusi wa adui, wakafungwa. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Waingereza yakaingia Usambara, na gurudumu likageuka: sasa wamisionari wa Kijerumani ndio walioangaliwa kwa jicho la shaka, na kufikia mwaka 1920 walikuwa wamefukuzwa nchini. Hawakuruhusiwa kurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Mlima ulikuwa umebadili bwana. Muumini wa Mlalo angeweza kuivua dini ile kama mtu avuavyo kanzu ya kuazima, na asingepata wa kumlaumu.

Kazi ikabaki mikononi mwa walimu na wazee wa sharika. Hawa ndio waliofundisha kusoma, waliowaandaa wanaotaka ubatizo, waliowazika wafu, na mwaka 1918 homa kuu ya mafua ilipopita Afrika Mashariki, wafu hawakuwa haba. Kitabu walikuwa nacho kwa lugha yao, maana Agano Jipya la Kisambaa lilichapishwa mwaka 1908. Naona hiyo ndiyo siri kubwa ya kusimama kwao. Mchungaji aweza kutiwa melini na kurudishwa Ulaya, lakini neno lililokwisha kutua katika lugha ya mama halina meli ya kulichukua. Upungufu ulikuwapo, tena mchungu. Kwa utaratibu wa Kilutheri, Meza ya Bwana huongozwa na mchungaji aliyebarikiwa. Pasipo mchungaji, muumini hukaa na njaa ambayo mwalimu hana ruhusa ya kuishibisha. Kuimba na kusali huku meza ikiwa tupu, na kurudi tena Jumapili ifuatayo, ndiko ninakokuita kusubiri.

Wajerumani waliporudi walilikuta kanisa. Vita vya pili vilipozuka mwaka 1939 wakaondolewa tena na kuwekwa kizuizini, na safari hii Walutheri wa Marekani, wa Sinodi ya Augustana, wakaja kusaidia. Lakini mlima ulikuwa umekwisha kujua njia. Mwaka 1963 kanisa la Usambara na Digo likawa miongoni mwa makanisa saba yaliyoungana kuunda Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na kuanzia mwaka 1976 hadi 1992 kanisa hilo lote liliongozwa na Sebastian Kolowa, askofu aliyetoka milima hiyohiyo.

Katika vitabu vingi miaka ile isiyo na wamisionari hupewa aya moja fupi, kana kwamba ni ukurasa mtupu baina ya sura mbili. Naam, hapo ndipo penye kasoro. Kama tunataka kujua ni lini dini ya kigeni ilipokuwa dini ya wenyeji, tusiitafute siku mgeni alipofika. Tuitafute katika miaka ambayo mgeni hakuwapo, wala hakuna aliyejua kama atarudi. Waliobeba miaka hiyo wamekwisha kuondoka duniani. Wajukuu zao wangalipo, na ni kheri waulizwe majina ya walimu wale kabla nao hawajawasahau.

Wakristo huziita wiki nne zinazoitangulia Krismasi Majilio, yaani majira ya kukitazamia kinachokuja. Huangukia siku ambazo vuli huelekea kwisha, na milimani ukungu waweza kukaa bondeni hata saa nne ya asubuhi. Wakati huo husomwa Zaburi, kitabu ambacho jina lake limetengana na saburi kwa herufi moja tu. Mshairi wa pwani angevipanga vina hivyo viwili katika ubeti mmoja. Walimu wa Usambara walivipanga katika maisha yao, Jumapili baada ya Jumapili, kengele ikipigwa na mlango wa kanisa ukifunguliwa.