Rangi Kumi za Rezista: Alama za Vifaa vya Elektroniki na Wajibu wa Istilahi

Katika kazi ya kuunda istilahi tumezoea kudhani kwamba neno ndilo jina pekee la kitu. Lakini fundi redio hushika kifaa kisichoandikwa neno lolote. Mwilini mwake mna pete za rangi, au herufi na tarakimu chache tu. Makala haya yanaeleza kwa ufupi jinsi alama hizo zilivyozuka, na kwa nini zinatuhusu sisi wa lugha.

Rezista ni kifaa kidogo kinachozuia mkondo wa umeme kwa kiasi maalumu. Tarakimu zilizochapwa juu ya kijiti cha mviringo hufutika, au hugeukia chini zisionekane. Pete ya rangi huonekana pande zote. Watengenezaji wa redio wa Marekani, waliounda chama chao mwaka 1924, waliueneza mtindo wa rangi. Hapo awali mwili wa rezista ulipakwa rangi moja, ncha rangi ya pili, na nukta ikawa ya tatu. Baadaye zikaja pete. Mwaka 1952 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme iliufanya mtindo huo kuwa kanuni ya mataifa.

Rangi zenyewe ni kumi: nyeusi ni 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, manjano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8 na nyeupe 9. Katika rezista ya kawaida pete mbili za kwanza ni tarakimu, na ya tatu huonyesha idadi ya sifuri. Manjano, zambarau na nyekundu, mathalani, ni omu 4,700.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Katika rangi hizo kumi, tatu tu zina vivumishi vyake asilia: -eusi, -eupe na -ekundu. Nyingi za zilizobaki zimeazima majina ya vitu, kama jani, jivu, kahawa na chungwa. Kwa hiyo mmoja husema kahawia, mwingine hudhurungi, na wa tatu rangi ya udongo. Lakini udongo wa sehemu nyingi za nchi yetu ni mwekundu! Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba pete ya tatu ni ya rangi ya udongo aweza kutia rezista ya omu 470 mahali pa omu 4,700. Kwa msukumo ule ule wa umeme, mkondo utazidi mara kumi, na joto vilevile; kifaa chaweza kuungua.

Transista nazo zina historia yake. Marekani iliziandika 2N, na daiodi 1N. Katika OC71 ya Ulaya, herufi O ni urithi wa enzi ya valvu: ilionyesha kwamba kifaa hakina waya wa kupashwa moto. Shirika la Pro Electron, lililoundwa Brussels mwaka 1966, lilisimamia utaratibu ambao A ni jerimaniamu na B ni silikoni, kama katika AC128 na BC107. Japani ilitumia 2SC na wenzake, lakini 2S huachwa mara nyingi, na 2SC945 husomeka C945 tu.

Leo vifaa vingine ni vidogo kuliko punje ya mchele. Rezista yenye 103 ni 10 na sifuri tatu, yaani omu 10,000. Lakini 1A imechapwa juu ya transista BC846A, na mtengenezaji mwingine ameichapa juu ya MMBT3904. Hiyo ni homonimia kamili. Fundi hana budi kutazama orodha ya mtengenezaji na mahali kifaa kilipokaa katika saketi.

Funzo ni kwamba alama haina maana yenyewe; maana hutokana na mapatano. Mataifa yamekwisha kupatana juu ya rangi, bali sisi hatujapatana juu ya majina yake. Tunapendekeza basi kwamba kila kitabu cha ufundi kitumie jina moja tu kwa kila rangi, nasi tunayapendelea yale kumi tuliyoyataja juu. Hudhurungi na samawati hatuyafuti. Yana nafasi yake kwa washairi na wauza nguo. Lakini mezani pa fundi, rangi moja na iwe na jina moja.