Mkuu wa Chuo: Cheo Kimoja na Maana Mbili katika Maisha ya Ali Hassan Mwinyi

Neno "chuo" lina historia ndefu katika Pwani ya Afrika Mashariki. Wazee walilitumia kwa maana ya kitabu, na pia kwa mahali mtoto anaposomeshwa Kurani. Baadaye likachukua maana ya shule ya elimu ya juu. Ali Hassan Mwinyi aliitwa mkuu wa chuo mara mbili katika maisha yake. Jina la cheo lilikuwa lile lile, lakini asili ya madaraka yake haikuwa moja.

Alizaliwa tarehe 8 Mei 1925 katika kijiji cha Kivure, upande wa Mkuranga, sehemu ambayo zamani ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kisarawe, katika mkoa ambao leo makao yake makuu ni Kibaha. Angali mtoto alivuka bahari kwenda Unguja, akasoma Mangapwani na Dole. Kwa lugha na dini, mtoto wa Mrima hakuwa mgeni Unguja. Kwa utawala alikuwa ametoka nchi moja na kuingia nyingine, maana Waingereza walizitawala Tanganyika na Zanzibar mbalimbali.

Tangu 1945 alifundisha katika skuli kadha wa kadha, akawa mwalimu mkuu. Alijiendeleza kwa masomo ya posta, na katika miaka ya 1950 alisomea ualimu katika Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza. Hatimaye akawa Mkuu wa Chuo cha Ualimu cha Zanzibar, kabla ya kuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Elimu. Cheo hicho cha kwanza, basi, kilitokana na kazi yenyewe ya kufundisha.

Cha pili kilitokana na sheria. Januari 1984 mhamiaji huyu alishika urais wa Zanzibar, na Novemba 1985 urais wa Jamhuri ya Muungano. Sheria iliyounda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970 ilimfanya Rais wa nchi kuwa Mkuu wa Chuo. Uendeshaji wa kila siku ulikuwa mikononi mwa Makamu. Mwalimu wa zamani akawa mkuu wa wanafunzi asiowafundisha.

Uzito wa jambo hilo ulidhihirika Mei 1990, wanafunzi walipogoma kuingia madarasani na Serikali ikakifunga Chuo Kikuu hadi 1991. Aliyepasa kuwasikiliza kama mkuu wao ndiye huyo huyo aliyeongoza Serikali waliyoilalamikia. Kosa hapa halikuwa la tabia ya mtu, kwani Mwinyi, aliyeitwa Mzee Rukhsa, alijulikana kwa upole. Lilikuwa la kuunganisha vyeo viwili ambavyo kila kimoja chadai uaminifu wake. Baadaye, katika miaka ya 1990, Paul Bomani, ambaye hakuwa Rais, alishika ukuu wa Chuo hicho.

Mwinyi alifariki tarehe 29 Februari 2024, akazikwa Mangapwani, pale pale alipofika kusoma akiwa mtoto mgeni. Wenye kutafiti istilahi za utawala wa elimu hawana budi kukumbuka kwamba jina la cheo halitoshi kueleza madaraka: yafaa kuuliza kwanza ni nani aliyekitoa, na kwa sababu gani.