Biblia, Katekisimu na Kabati la Vitabu la Kigango

Lutindi ni kata ya milimani katika Wilaya ya Korogwe, kwenye safu ya Usambara, na jina lake limejulikana mbali kwa sababu ya hospitali ya magonjwa ya akili. Mwaka 1896 Waprotestanti kutoka Ujerumani walifungua hapo makao ya watoto waliookolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao hayo yakaanza kuwatunza wagonjwa wa akili, na kazi hiyo ingali ikiendelea chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Tunaanza na habari hii kwa kuwa inagusa maisha ya kila Mkatoliki wa milima hii. Tumeoa na kuolewa katika familia za Walutheri na Waanglikana, tunazikana, tunakaa matanga pamoja. Kwa hiyo Biblia iliyomo ndani ya nyumba ya Mkatoliki mara nyingi ni ile aliyokuja nayo bibi kutoka kwao, au ile iliyopatikana kwa bei nafuu sokoni, na hakuna aliyewahi kuuliza ni Biblia ya aina gani.

Swali huja siku ya msiba. Wengi wetu tumeshuhudia jambo hili: katekista anaongoza sala za kumwombea marehemu, kijana mmoja anauliza kwa heshima, "Mwalimu, kuwaombea wafu kumeandikwa wapi?" Mwalimu anajibu kwamba kumeandikwa katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12. Kijana anafungua Biblia ya nyumbani, anaanza Mwanzo, anafika Malaki, kisha Mathayo. Wamakabayo hawamo. Mwalimu alijibu sawasawa, lakini mbele ya watu ameonekana kama mtu aliyebuni kitabu. Aibu ile ingeepukika kwa kujua jambo dogo kuhusu vitabu vyenyewe.

Vitabu 73 na vitabu 66

Biblia ya Kanisa Katoliki ina vitabu 73: 46 vya Agano la Kale na 27 vya Agano Jipya. Biblia nyingi za Kiprotestanti zina 66. Agano Jipya ni lile lile kwetu sote. Tofauti imo katika Agano la Kale, nayo ni vitabu saba: Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku, na viwili vya Wamakabayo, pamoja na sehemu za Esta na Danieli. Tunaviita vitabu vya Deuterokanoni. Vilikuwamo katika Biblia ya Kigiriki waliyoitumia Wakristo wa kwanza, vikatajwa katika orodha za sinodi za Afrika ya Kaskazini huko Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, na Mtaguso wa Trento ukaithibitisha orodha hiyo tarehe 8 Aprili 1546.

Hapa inafaa tuwe waadilifu. Si kweli kwamba Martin Luther alivichana vitabu hivi na kuvitupa, kama wengine wetu wanavyopenda kusema barazani. Katika Biblia yake ya Kijerumani ya mwaka 1534 aliviweka mahali pa peke yake, baada ya Agano la Kale, akiona vinafaa kusomwa lakini havina uzito sawa na vingine. Kutoweka kwake katika Biblia zilizotufikia kunatokana kwa sehemu kubwa na uamuzi wa mwaka 1826, Chama cha Biblia cha Uingereza kilipoacha kugharimia uchapaji wa vitabu hivyo. Biblia nyingi za lugha zetu zilizochapwa kwa msaada wa chama hicho zilikuja bila vitabu hivyo.

Kwa Kiswahili, Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, ndiye aliyeanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Askofu Edward Steere wa Unguja akaendeleza kazi kwa Kiswahili cha huko, na Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka mwaka 1891, miaka tisa baada ya kifo chake. Sisi watu wa Usambara tuna sababu ya kumkumbuka pia Karl Roehl, mmisionari Mlutheri aliyehudumu katika milima hii na kuandika sarufi ya Kisambaa iliyochapwa mwaka 1911. Biblia yake ya Kiswahili ilikamilika mwaka 1937. Alijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu. Hata hivyo iliyoenea zaidi ni ile ya Muungano ya mwaka 1952, iliyokusudia kuwa tafsiri moja kwa waliozoea Kiswahili cha Unguja na waliozoea cha Mombasa. Lugha yake ni nzuri, na wazee wetu wengi wanazijua sehemu zake kwa moyo. Ila haina Wamakabayo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati *Dei Verbum* ya tarehe 18 Novemba 1965, ulitaka njia ya kuyafikia Maandiko Matakatifu ifunguliwe wazi kwa waamini wote, ukaruhusu pia tafsiri zifanywe pamoja na ndugu Wakristo wengine kwa kibali cha Kanisa. Tunda moja la ruhusa hiyo ni Biblia Habari Njema, iliyo katika Kiswahili chepesi. Mnunuzi awe mwangalifu: inachapwa kwa namna mbili, yenye Deuterokanoni na isiyo nayo, na majalada yanaweza kufanana. Afungue yaliyomo atafute jina Tobiti kabla ya kutoa fedha. Biblia ya Kiafrika ya Paulines ina vitabu vyote 73 pamoja na utangulizi na maelezo, na kwa jumuiya inayosoma bila padre karibu, maelezo hayo ni msaada mkubwa. Wanaosoma kwenye simu nao wakague programu yao kwa namna hiyo hiyo, maana nyingi zina vitabu 66 tu.

Jambo jingine linalowachanganya wasomaji ni hesabu ya Zaburi. Vitabu vya zamani vya Kikatoliki vilifuata hesabu ya Kigiriki na Kilatini, ambamo Zaburi ya 9 na ya 10 zimeunganishwa, hivyo Zaburi ya mchungaji ni ya 22 badala ya 23. Vitabu vingi huandika namba zote mbili, moja katika mabano. Hakuna kosa la uchapaji hapo, wala haifai mwimbishaji kulaumiwa.

Kitabu hiki kimetoka kwa nani?

Muumini anayeshika kitabu cha dini ageuze ukurasa wa jina la kitabu aangalie nyuma yake. Huko ndiko yalipo maneno ya Kilatini *Nihil obstat* na *Imprimatur*. La kwanza ni la msomaji aliyeteuliwa, akisema hakuona kinachopingana na imani. La pili ni la Askofu, akiruhusu kichapwe. Hayana maana kwamba kila wazo la mwandishi ni la Kanisa, wala kwamba kitabu ni kizuri. Tumesoma vyenye kibali vilivyotuchosha. Yanamhakikishia msomaji kwamba hapotoshwi katika imani.

Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinadai zaidi. Maandiko Matakatifu hayachapwi bila idhini ya Kiti Kitakatifu au Baraza la Maaskofu (kanuni 825), na kanuni 827 inakataza kuonyesha, kuuza au kugawa kanisani maandishi yanayohusu dini au maadili ambayo hayakupata kibali cha Kanisa. Kwa hiyo vile vijitabu vya unabii wa siku za mwisho, na vya sala zinazodai kuleta fedha kwa siku tisa, vinavyopangwa kwenye meza mlangoni baada ya Misa, havina haki ya kuwapo hapo hata kama anayeviuza ni mwanakwaya mpendwa. Halmashauri ya kigango imwonyeshe Paroko kwanza.

Baada ya Biblia, kitabu cha pili tunachopendekeza ni Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ambayo toleo lake la Kiswahili lipo. Watu huiogopa kwa unene wake. Si lazima isomwe kutoka mwanzo. Ina namba 2865 na faharasa, na huulizwa kama mzee anavyoulizwa. Katekista wetu wa msibani angeikuta namba 1032, inayoeleza sala kwa ajili ya marehemu na kutaja aya ile ile ya Wamakabayo. Cha tatu ni Misale ya Waumini, kwa kuwa humwezesha mtu kuandaa masomo ya Dominika kabla ya kuyasikia. Mwaka A husomwa zaidi Mathayo, Mwaka B Marko, Mwaka C Luka. Jumuiya inayojua hilo hununua maelezo ya Injili moja kila mwaka, na kwa miaka mitatu inazo tatu. Katika mikutano ya jumuiya ndogo ndogo njia ya Hatua Saba, iliyotoka Lumko huko Afrika Kusini, haihitaji zaidi ya Biblia moja na msomaji anayesikika. Mzee akitaka kueleza alichokielewa kwa Kisambaa au Kizigua, aachwe aeleze.

Fedha ni chache, hivyo tunasema wazi: kwa kigango, Biblia moja kamili yenye maelezo ni bora kuliko vijitabu kumi. Ikishanunuliwa itunzwe. Ukungu wa Lutindi huotesha kuvu kwenye karatasi, na huko chini Handeni mchwa hawaheshimu jalada lolote. Kabati liwe na miguu, lisigusane na ukuta, na vitabu vitolewe kupigwa hewa siku za kiangazi. Liwepo daftari la waazimaji, na ufunguo usikae mfukoni mwa mtu mmoja ambaye kila siku ya mkutano yuko safarini Korogwe mjini.