Nani Aliandika "Ifikapo Mwaka"?

Kuna maneno mawili ambayo wazazi wetu wameyasikia mpaka yamewachosha masikio: "ifikapo mwaka". Elimu ya msingi kwa wote ifikapo mwaka 1977. Maji safi kwa kila mwanakijiji ifikapo mwaka 1991. Afya kwa wote ifikapo mwaka 2000. Na sisi vijana tumepewa ya kwetu: umaskini uliokithiri uishe duniani kote ifikapo mwaka 2030. Kijiweni tukiyasikia hayo redioni tunacheka, mmoja anasema "hao nao!", kisha tunarudi kwenye habari za Simba na Yanga.

Mimi nimeacha kucheka. Si kwamba sasa naamini kila tarehe ninayotajiwa, la hasha. Ni kwa sababu nimeanza kujiuliza swali ambalo kila anayetaka kuwa mwandishi angepaswa kujiuliza: hivi, sentensi hii kaiandika nani? Maana lengo la maendeleo, ndugu msomaji, kabla halijawa kisima au dawati au zahanati, ni sentensi. Ina kitenzi, ina tarakimu, ina mwaka. Kuna watu walikaa mezani wakaiandika, wakakata neno hili na kuweka lile. Habari za watu hao shuleni hatukufundishwa. Naomba nizisimulie kwa kifupi, kwani zinatuhusu kuliko tunavyodhani.

Tuanzie kwa majirani. Septemba 1973, Nairobi. Jumba la mikutano la Kenyatta ndiyo kwanza limekamilika, na wageni wake ni magavana wa Benki ya Dunia na wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Rais wa Benki, Robert McNamara, anasimama kuhutubia. Huyu bwana alipata kuwa mkuu wa kampuni ya magari ya Ford, kisha Waziri wa Ulinzi wa Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Alikuwa mtu wa takwimu tangu ujana wake. Siku ile alizungumzia umaskini wa kupindukia, ule unaomnyima mtu hata mahitaji ya chini kabisa ya binadamu, halafu akataja shabaha: ifikapo mwaka 1985, mavuno ya wakulima wadogo yawe yanaongezeka kwa asilimia 5 kila mwaka.

Sisemi kwamba hotuba ile ilikuwa mbaya. Ilimtaja mkulima mdogo mbele ya watu wenye fedha, na hilo si jambo dogo. Lakini mkulima mwenyewe, yule wa jembe la mkono, hakuwa mjumbe wa mkutano ule. Mambo yalizungumzwa juu yake, tarakimu ikawekwa juu yake, na mwaka akapangiwa.

Mtindo huo ukaendelea. Mwezi Mei 1996, mjini Paris, kamati ya misaada ya OECD, yaani umoja wa nchi tajiri, ilitoa waraka kuhusu karne ya 21. Ndani yake mlikuwa na malengo machache yaliyokusanywa kutoka mikutano mbalimbali ya Umoja wa Mataifa: kupunguza umaskini uliokithiri kwa nusu ifikapo 2015, watoto wote wapate elimu ya msingi, vifo vya watoto wachanga na vya kina mama wajawazito vipungue. Waliochagua lipi liingie na lipi libaki nje walikuwa mawaziri na wataalamu wa nchi zinazotoa misaada. Wanaopokea walikuja kusomewa.

Septemba 2000, viongozi wa nchi walikutana New York, na mataifa 189 yakapitisha Azimio la Milenia. Azimio lile ni maneno mengi mazuri: amani, haki za binadamu, demokrasia, umaskini, mazingira. Lakini malengo 8 tuliyoyazoea, yale yaliyochorwa kwenye mabango, hayakuwemo katika orodha namna ile. Yaliandikwa baadaye na kikundi cha wataalamu wa Umoja wa Mataifa, Benki ya Dunia, Shirika la Fedha na OECD, yakatoka Septemba 2001 yakiwa malengo 8, shabaha 18 na viashiria 48.

Mark Malloch Brown, aliyekuwa mkuu wa UNDP wakati huo, alilisimulia gazeti la The Guardian la Uingereza mwaka 2012 kwamba waraka ulikwisha kwenda mtamboni kuchapwa alipokutana njiani na mkuu wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Hapo ndipo alipokumbuka: lengo la mazingira limesahaulika! Ikabidi warudi mbio kuliongeza. Hebu fikiria. Shirika hilo la mazingira makao yake ni Nairobi, Gigiri. Misitu, maji na hewa ya dunia nzima viliingia kwenye malengo kwa sababu watu wawili walipishana ukumbini.

Hicho ni kituko, unaweza kucheka. Kuna mengine hayachekeshi, na hapa nawaomba hasa wenzangu tunaojifunza kuandika mnisikilize. Mwaka 1996, kwenye mkutano wa chakula mjini Rome, serikali ziliahidi kupunguza kwa nusu IDADI ya watu wenye njaa ifikapo 2015. Kwenye malengo ya milenia neno likabadilika, ikawa kupunguza kwa nusu ASILIMIA. Tofauti yake nini? Chukua kijiji cha watu 100, wenye njaa 40. Ukiahidi kupunguza idadi kwa nusu, unatakiwa ubakiwe na wenye njaa 20. Ukiahidi kupunguza asilimia, unatoka 40 kwa mia kwenda 20 kwa mia. Sasa kijiji kimekua, kina watu 150. Asilimia 20 ya hao ni watu 30. Umetimiza ahadi, utapigiwa makofi, na watu 10 zaidi wanalala njaa kuliko ulivyoahidi mwanzo. Neno moja tu, jamani.

Tena kuna suala la mwaka wa kuanzia kuhesabu. Ahadi ilitolewa mwaka 2000, lakini wataalamu waliamua hesabu ianzie 1990. Kwa hiyo mamilioni ya Wachina waliokwisha kutoka kwenye umaskini kati ya 1990 na 2000 waliingizwa kwenye ushindi wa ahadi ambayo ilikuwa haijatolewa. Lengo la kupunguza umaskini kwa nusu likatangazwa kwamba limefikiwa duniani mwaka 2010, miaka 5 kabla ya wakati. Huku kwetu, Afrika kusini mwa Sahara, ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2015 yenyewe ilisema asilimia ya mafukara ilishuka kutoka 57 mwaka 1990 hadi 41 tu. Dunia ilifika, sisi tukabaki njiani. Kama hili si changa la macho, basi ni binamu yake.

Nisije nikaonekana mtu wa kulalamika tu. Tarakimu zilisaidia pia. Mwaka 1990 watoto wapatao milioni 12.7 duniani walikufa kabla ya kutimiza miaka 5, na mwaka 2015 walikuwa karibu milioni 6. Chanjo, vyandarua na dawa vilipata fedha kwa sababu kulikuwa na sentensi iliyoweza kuhesabiwa, na waziri aliweza kuulizwa. Ndiyo maana nasema tusiidharau sentensi. Kinachohesabiwa hupata fedha, kisichohesabiwa husubiri.

Mimi hili nalijua kwa mwili wangu. Nimezaliwa mwaka uleule wa Azimio, 2000. Tanzania iliondoa ada ya shule za msingi, ukaja mpango wa MMEM mwaka 2002, na watoto wakamiminika. Nilipoanza darasa la kwanza mwaka 2007, katika shule ambayo sitaitaja, chumba kimoja tulikuwa zaidi ya 100. Madawati hayakutosha, wengine tulikaa sakafuni na daftari magotini. Mwalimu alikuwa mmoja, naye koo lilikwisha kukauka kufikia saa nne. Kwenye vitabu vya dunia kila mmoja wetu alikuwa ushindi, kwa sababu lengo la 2 lilipimwa zaidi kwa kuandikishwa na kufika darasa la mwisho. Kiashiria cha kujua kusoma kilikuwepo, lakini kilimngoja mtu mpaka afikishe miaka 15. Rafiki yangu niliyekaa naye ubavu kwa ubavu alimaliza la saba bila kuweza kusoma barua. Amehesabiwa. Yupo katika takwimu za mafanikio mpaka leo.

Kilichobadili mambo ni watu waliopita nyumba kwa nyumba wakiuliza swali dogo: mtoto, soma hapa. India walianza mwaka 2005 kwa zoezi lililoitwa ASER. Kwetu, Tanzania, Kenya na Uganda, likaja Uwezo mwaka 2009. Watu wa kawaida, wakazi wa wilaya zilezile, walimpa mtoto karatasi ya hadithi ya darasa la pili asome. Matokeo ya kwanza yalitia aibu: wengi wa watoto wa darasa la tatu walishindwa. Kelele zikapigwa, na wataalamu wa dunia wakalazimika kusikia. Malengo mapya yalipoandikwa, lengo la elimu likasema elimu BORA, na kiashiria chake cha kwanza kikawa kama mtoto amefikia kiwango cha chini cha kusoma na kuhesabu. Neno moja limeongezwa. Nalitazama neno lile namkumbuka rafiki yangu, nasema laiti lingekuja mapema.

Safari hii hata meza yenyewe ilikuwa pana zaidi. Wazo la malengo ya maendeleo endelevu lilisukumwa na Colombia kuelekea mkutano wa Rio wa mwaka 2012. Kulikuwa na jopo la watu mashuhuri 27, likiongozwa na David Cameron wa Uingereza, Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia na Susilo Bambang Yudhoyono wa Indonesia. Lakini kazi kubwa ilifanywa na kikundi cha wazi cha nchi wanachama, kilichokutana mara 13 kuanzia Machi 2013 mpaka Julai 2014. Wenyeviti wake walikuwa wawili, Csaba Kőrösi wa Hungary na Macharia Kamau, balozi wa Kenya. Naam, Mkenya alishika usukani. Kutoka chumba cha wataalamu wachache tukafika kwenye malengo 17 na shabaha 169, yaliyopitishwa na nchi 193 tarehe 25 Septemba 2015. Wapo waliosema ni mengi mno. Ukialika kijiji kizima kwenye karamu, huwezi kushangaa masufuria kuwa mengi.

Hata hivyo wataalamu hawakuondoka, walihamia chumba kingine. Baada ya wanasiasa kupiga makofi, wanatakwimu walikaa kuandika viashiria, na mwaka 2017 Baraza Kuu likapitisha 232. Hapo ndipo unapoamuliwa mambo ya msingi: maji "salama" ni yapi, kazi "yenye staha" ni ipi, fukara ni nani. Juni 2025 Benki ya Dunia ilipandisha mstari wa umaskini uliokithiri kutoka dola 2.15 kwa siku hadi dola 3. Mtu alilala si fukara uliokithiri, akaamka ndiye, na mfukoni mwake hakuna kilichobadilika.

Na tumefika wapi? Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema ni asilimia 17 tu ya shabaha zilizokuwa zikienda sawasawa kuelekea 2030. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, viongozi walikubaliana New York kwamba Septemba 2027 watakaa kufikiria maendeleo endelevu hadi 2030 na baada yake. Tafsiri yake kwa Kiswahili cha mtaani: kalamu zinarudi mezani.

Basi wenzangu, kwenye mikutano ile wengi wetu hatutaalikwa. Lakini Uwezo hawakualikwa na mtu, walianza kwa kumpa mtoto karatasi asome. Wewe unayeandika mashairi Manzese, wewe mwenye hadithi fupi Kisumu, hebu jiulize ni kitu gani mtaani kwako ambacho hakuna anayekihesabu. Je, ni saa ambazo dada yako anapoteza foleni ya maji? Au ni kijana mwenye cheti anayeuza maji ya chupa stendi, ambaye kwenye takwimu ni "mwenye kazi"? Kiandike kwa jina lake, wazi, namna ambayo hata mtaalamu wa mbali hawezi kujifanya hajaelewa. Kiandike sasa, kabla ya 2027, maana wakishamaliza wao kuandika, sisi tutabaki na kazi ileile ya wazazi wetu, ya kusikiliza redio na kuambiwa ni mwaka gani.